Kunguru wa Mkonge

Nilicheka kwenye mazishi ya shemeji yangu, na walionizunguka wakadhani ninalia. Tulikuwa tunamzika Nyaga, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, nyumbani kwao chini ya Kiritiri, na mwanawe wa pili alishika kipaza sauti akasema kwamba katika maisha yake yote baba yao hakuwahi kudanganywa, si na mtu wala na kitu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikavuta leso usoni, nikainama, mabega yakaanza kutikisika yenyewe, na mama mmoja wa kanisa aliyeketi nyuma yangu akaniwekea mkono mgongoni akaninong'oneza, kama mtu anayemfariji bibi yake, "Jikaze, Cucu. Mungu anajua." Mungu alijua, ndiyo. Alijua kwamba mimi, Karimi, nilimwona marehemu akidanganywa mchana kweupe na kitu ambacho hata yai la kuku lilikishinda uzito. Nilimpenda sana Nyaga, na kilichoniuma siku ile ni kwamba mtu pekee ambaye angecheka pamoja nami ndiye aliyekuwa amelala ndani ya jeneza. Wengine wote waliokuwapo mwaka ule wametangulia. Nimebaki mimi na hadithi yetu, na wajukuu wangu hawana subira ya kuisikiliza mpaka mwisho, kwa hivyo nimeona niiandike.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mume wangu Njue alinitoa Muthara, juu kule Tigania, upande wa Meru, ambako ukungu wa asubuhi hukufuata mpaka jikoni na ndizi hupondwa pamoja na viazi karibu kila siku, akanileta huku Mbeere kwenye jua, mawe na miiba. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, lakini miezi ile ya mwanzo nilikuwa nikisema neno la kwetu watu wanaangaliana, basi pale nyumbani tukakubaliana bila kukubaliana kwamba tutasema Kiswahili, kila mtu na chake alichookota shuleni au sokoni. Mgeni ni kuku mweupe, na mimi nilikuwa mweupe kweli: namna nilivyoshika jembe, namna nilivyofunga kuni, hata namna nilivyopiga chafya, yote yalizungumzwa kisimani. Njue alikuwa akipakia mchanga kwenye malori kule mtoni, anarudi Jumamosi jioni na Jumapili baada ya kanisa anaondoka tena. Kwa hivyo mume niliolewa naye, lakini maisha niliyaanza na wazazi wake.

Jina la baba mkwe wangu sitaliandika. Nililelewa hivyo, nimezeeka hivyo, na yeyote anayeona ni ushamba ana ruhusa ya kufunga ukurasa. Kwetu pia mke wa mwana humheshimu mkwewe, ila kwa wazee wale wa Mbeere kamba ilikuwa imekazwa zaidi. Siku ya pili tu Mama, yaani mama mkwe wangu, alinikalisha kwenye gunia jikoni akanieleza: usimpe mkono, usikalie kiti chake, usisimame mlangoni pake akiwa ndani, na chakula chake ukiweka chini, kisha urudi nyuma, yeye atakiokota. Ukiwa na neno la kumwambia, niambie mimi, mimi nitamwambia. Nikasema sawa. Sikujua bado kwamba mzee mwenyewe alikuwa amepoteza macho. Walikuwa wameambiwa hospitalini ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini ungemtazama akitembea pale uwanjani usingejua. Kila kisiki, kila jiwe, kona ya ghala, kamba ya mbuzi, vyote alivijua kwa nyayo, na asubuhi alikuwa akitoka nyumbani kwake, nyumba ya udongo yenye paa la mabati na upinde wake wa ujana ukining'inia ukutani, anafika jikoni kwa Mama kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Anakaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, Mama anampa kibuyu cha uji wa mawele uliochachuka, na mimi nipo kule nyuma ya moshi ninachagua mawe kwenye muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Hatukuongea. Ila nilikuwa nimegundua kwamba yeye peke yake pale nyumbani hakuwahi kucheka nilipokosea neno, na jambo dogo kama hilo kwa bibi harusi aliye mbali na kwao si dogo.

Jumapili moja Nyaga alikuja kutoka Embu mjini, alikokuwa na kazi ya ofisi, na mkate mkubwa na sukari kwenye mfuko. Walikaa sebuleni yeye na Mama, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, nami nilikuwa jikoni, na kati yetu palikuwa na ukuta wenye ufa ambao ungeweza kupitisha kijiko. Sikuwa nasikiliza kwa nia; masikio hayana kifuniko. Nyaga alisema, "Mama, msimu ule mwingine kunguru ilimaliza karanga yote. Mbegu walifukua, na iliyobaki ikakomaa wakafukua tena. Huyu mzee anakaa hapo mchana yote akipiga debe, na kunguru anakuja mpaka miguuni. Mimi sitaki watu waseme baba yangu anakula na ndege." Mama akamwambia polepole, "Hii shamba ndiyo inamshikilia, Nyaga." Naye, "Haya. Tungoje mavuno hii moja. Ikiliwa tena, nakuja na gari, namchukua. Kwangu kuna sebule, kuna redio, atakaa." Hakusema kwa ubaya. Leo ninajua kwamba mwanaume yule alikuwa akikosa usingizi kwa ajili ya babake. Lakini niliposogeza kichwa nje ya mlango wa jikoni nilimwona mzee amesimama kando ya ghala, mkono mmoja umeshika boriti, naye alikuwa amesikia kila neno. Uso wake uliniumiza. Huku nyumbani alikuwa mzee asiyeona vizuri. Kule mjini, ndani ya sebule ya mtu mwingine, angekuwa kipofu, na alilijua hilo kuliko sisi sote.

Kesho yake asubuhi, akiwa na kibuyu mkononi, mzee akasema kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya zamani, "Kunguru hafukuzwi. Anaitwa." Mama akamuuliza, "Anaitwa na nani?" "Na wenzake. Mwulize mke wa Njue, kwao wasichana wanajua kupiga manati?" Nilikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwake, na jibu nilikuwa nalo, lakini nililazimika kumwambia Mama kwamba ndiyo, nimelinda mahindi ya baba yangu kwa manati tangu meno ya mbele yanitoke, na Mama akamwambia mzee aliyekwisha kusikia, na mzee akamwambia Mama amwambie asante. Kisha akaeleza, kwa njia hiyo hiyo ya kuzunguka mlima. Kunguru anajua umbali wa jiwe. Ukipiga debe anahama mti mmoja, anangoja uchoke. Lakini akiona wenzake wametua na wanakula kwa amani, anatua naye, karibu kabisa. Basi utengeneze kunguru wa uongo, uwatege karibu na kibanda cha matawi, mpigaji ajifiche ndani. Ukimpata mmoja mbele ya ndugu zake, wataambiana, na hawatapenda tena shamba lile. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," Mama akasema, ili naye aonekane amechangia.

Mpaka leo nikinusa oili chafu ya gari ninaziona siku zile. Mkonge ukizeeka hutoa mti mmoja mrefu katikati, unatoa maua, kisha mkonge wenyewe unakufa. Mti ule ukikauka, ndani yake ni laini na ni mwepesi mno, kisu kinapita kama kwenye mkate. Mimi nilienda kuikata miti hiyo kando ya barabara, nikaiburuta hadi nyumbani nikikwaruzwa miguu, na mzee akakaa chini ya upenu wa ghala akachonga. Alichonga kwa vidole. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia kikipapasa, kisu kikafuata, na vumbi jeupe la mkonge likamjaa magotini. Wepesi ulikuwa ndio siri yenyewe, kwa sababu ndege mzito husimama kama jiwe, lakini ndege mwepesi aliyesimamishwa kwenye waya hucheza kila upepo ukipita. Waya tulitoa kwenye tairi kuukuu lililochomwa. Mabawa na mkia ilikuwa mifuko myeusi ya nailoni, ile ambayo siku hizi ukikutwa nayo utashtakiwa. Njue alileta oili chafu kwenye chupa, nikaichanganya na masizi ya sufuria nikawapaka weusi, na kifuani nikawabandika kitambaa cheupe cha gunia la unga, maana kunguru wa huku amevaa fulana nyeupe, kila mtu anajua. Nikimaliza kumpaka mmoja nilimweka chini juu ya jani, narudi nyuma, mzee anaokota, ananusa, anampima mkononi, na akiridhika anamsimamisha ardhini na kumpulizia ili ahisi kama anacheza. Kundi zima liliingia kwenye kiondo kimoja, nami nikalibeba kichwani bila kulisikia. Jirani mmoja aliniona nikipita akauliza kama watu wa Meru huwa wanaoza mchawi bila kusema.

Asubuhi ya kwanza niliwatega kwenye karanga, nikaingia kibandani, nikangoja. Kunguru walikuja. Wakazunguka juu mara moja, mara mbili, mmoja akatua kwenye mti wa mkau ulioko mpakani, akainamisha kichwa upande akawatazama wale wa kwetu kwa muda mrefu, kisha akalia, na kundi zima likaondoka kwenda kutua kwenye upande wa pili wa shamba, mbali na manati yangu, wakafukua karanga kwa raha zao. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaelewa. Mzee alikuwa amewachonga vizuri ajabu, shingo ndefu, kifua mbele, vichwa vyote juu. Na kunguru aliyeinua kichwa ni mlinzi, ameona jambo. Pale shambani tulikuwa tumesimamisha walinzi watupu, na kila mpita njia wa angani alisoma onyo.

Sasa mtu atamwambiaje baba mkwe kwamba kazi ya mikono yake ina kasoro, tena baba mkwe asiyeona, tena kupitia mkewe? Nikamwambia Mama, "Tafadhali mwambie Baba kichwa iko juu sana. Iinamishwe." Mama akaniangalia, akamwangalia mzee aliyekuwa akichonga mwingine kwa bidii, moyo ukamshinda. Akasema kwa sauti, "Anasema hizi ndege ni mzuri sana. Ila kunguru ya leo ilikuwa imeshiba." Mzee akatabasamu, akaendelea kuchonga vichwa juu. Kesho yake nikajaribu tena, na Mama akatafsiri kwamba upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nazungumza Kiswahili, mzee alisikia Kiswahili, na bado neno langu lilipita kinywani mwa yule mama likatoka likiwa limepakwa asali. Nilikasirika, nisiseme uongo. Karanga zilikuwa zinaliwa mstari kwa mstari, gari la Nyaga lilikuwa njiani kila siku inayopita, na sisi watu wazima watatu tulikuwa tumekaa tunaheshimiana hadi kuangamia.

Siku ya soko Mama alibeba ndengu zake akaenda Kiritiri. Tukabaki mzee na mimi, na kuku. Alikuwa chini ya ghala na kisu chake. Mimi nikasimama mlangoni mwa jikoni, nikamgeuzia mgongo kidogo kama ilivyotakiwa, na kuku mmoja mwekundu alikuwa akidonoa kati yetu.

"Wewe kuku," nikasema, "wewe ukila, huwa unaangalia mbinguni?"

Kisu kikasimama.

"Kunguru akikula bila wasiwasi, kichwa iko chini, mkia iko juu. Hizi zetu zimesimama kama askari wa benki. Wengine wakiona hivyo wanajua kuna mtu."

Nikaanza kuwaza jinsi nitakavyorudishwa Muthara. Kisha mzee akakohoa. "Kuku," akasema, "mwulize huyo aliyekutuma, yeye amewaona wapi wakikula hivyo? Mimi nimeishi na kunguru kutoka nizaliwe. Kunguru haangalii chini."

"Kuku, mwambie Baba mimi huwa niko ndani ya kibanda. Hawanioni."

Aliweka kisu kwenye paja, akaegemea nguzo, na macho yake yaliyojaa ukungu yakaelekea upande wa shamba. Halafu akacheka kidogo kwa pua. "Ni kweli," akasema, na safari hii sidhani alimkumbuka kuku. "Mimi nilikuwa natembea nikiwa wima, upinde iko mkononi. Kunguru gani atainama mbele yangu? Miaka hiyo yote nimeona tu kunguru ananiangalia. Ile inakula, mimi sijawahi kuiona." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa habari za jirani yake wa karibu. "Kuku, mwulize, inainama kiasi gani?"

Ningekuwa binti yake wa kuzaa ningemwendea nikaushika mkono wake nikaukunja pale kwenye kiwiko, hivi, na ingekwisha. Mikono yangu ilitaka kufanya hivyo. Badala yake nilivunja kijiti kibichi, nikakikunja pembe ile niliyoiona kutoka kibandani, nikakifunga kwa uzi kisinyooke, nikakiweka chini karibu na mguu wake, nikarudi nyuma. Akakiokota. Kidole gumba kikapita juu ya ile pembe, kikarudi, kikapita tena. Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta vichwa vimekatwa vyote vimetapakaa chini, mzee anachonga shingo mpya na kupiga mluzi.

"Mlikuwa mnaongea na nani?" akauliza, maana alikuwa ametusikia kutoka njiani.

"Na kuku," mzee akasema.

Wale wapya walikuwa na shingo iliyoinama, mdomo karibu na udongo, mkia wa nailoni umenyanyuka, na kila upepo ulipopita walidonoa. Nikiwa kibandani asubuhi ile nilijisahau hata mimi, nikataka kuwafukuza. Kunguru wa kweli hawakuzunguka hata mara moja. Walishuka wakapiga mabawa, wakatua katikati ya ndugu zao wa mkonge, karibu sana hata nikaona kucha, na mmoja akainama akaanza kufukua. Nikavuta mpira wa manati. Sitajisifu, lakini Muthara wanajua kulea. Aliyepigwa alianguka hapo hapo, na kelele iliyofuata ilisikika mpaka kwa majirani. Walizunguka juu yake wakilia, wakaja wengine, wakalia nao, kisha wakaondoka, na kwa siku nyingi wakawa wanapita juu juu kama watu wanaokwepa nyumba ya deni. Kila kundi geni lilipotokea niliwatega tena, kila siku mahali tofauti. Na kila jioni nilisimama mlangoni mwa jikoni nikampa kuku ripoti. Mama aliacha kutafsiri. Alikaa akisikiliza, anakoroga sufuria, na mara nyingine alimjibia kuku.

Karanga zikakomaa. Jumamosi moja, tukiwa tumeanza tu kung'oa, nilikuwa nimetega na nimejificha, nikaona mtu anakuja kwa njia ya chini kutoka barabarani. Alikuwa Nyaga, na suti ya kijivu na viatu vya mjini, na nyuma yake barabarani nikaona pikapu imesimama na dereva ameegemea mlango. Nilielewa mara moja kilichomleta. Naye akafika ukingoni mwa shamba, akawaona kunguru wametapakaa kwenye karanga za babake, vichwa chini, wanadonoa. "Ng'oo!" akapiga makofi. Hawakuruka. Akaokota jiwe akarusha, likaanguka kati yao. Wakaendelea kula. "Nyinyi ndege hamna adabu!" akapaza sauti, akarusha jingine na jingine, koti likamtoka begani, na jiwe moja likampata wa mwisho. Yule akanyanyuka na waya wake unaonesa, kwa wepesi wake, akageuka hewani, akarudi, akainama, akadonoa. Nyaga akarudi nyuma hatua mbili. Nadhani hapo ndipo alipoogopa kwa kweli. Akageuka akapanda nyumbani mbio, na mimi nikatoka kibandani nikakusanya kundi langu kwenye kiondo, nikamfuata, sijui kama ninacheka au ninalia.

Nilimkuta amesimama mbele ya kiti cha mzee, anahema. "Baba, wamejaa! Nimewaona na macho yangu! Nawapiga na mawe hata hawashtuki! Kunguru siku hizi haiogopi mtu! Mimi nimekuja na gari, Baba, hii maneno imeisha."

Mzee alikuwa na kibuyu cha uji mkononi. Akauliza kwa upole, "Vichwa ziko juu ama chini?"

"Nini?"

"Hizo kunguru. Vichwa ziko juu ama chini?"

"Chini! Wanakula!"

Mzee akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, wala Mama nadhani alikuwa hajamsikia tangu macho yaondoke; alicheka uji ukamwagika, kiti kikayumba, na Mama naye akajishika tumbo bila kungoja aelezwe. Nikainamisha kiondo mbele ya viatu vya Nyaga, nikawamwaga. Akatazama. Akachutama na suti yake, akamwokota mmoja, na mkono wake ukanyanyuka juu zaidi ya alivyotarajia, kwa sababu haukuwa na uzito wa kubeba. Akampindua, akaona fulana ya gunia la unga, akaona alama za kisu shingoni.

"Nani alichonga?"

"Mimi," mzee akasema.

"Baba, wewe huoni."

"Sioni. Anaona huyu." Akaelekeza kidevu upande niliosimama, na hakukosea. "Macho yangu siku hizi inatoka Muthara."

Nyaga alikaa chini kwenye vumbi. Mama akamwita dereva aje ale, akaweka muthokoi na sinia la karanga mbichi za kuchemsha, na kwa muda watu wakawa wanabandua maganda tu. Kisha Nyaga, ambaye hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu, akasema, "Na huyu akienda? Njue akimpeleka kwingine, Baba, mwaka ujao itakuwaje?" Mzee akajibu, "Akienda, nitakuja kwako, na sitasumbua. Lakini yeye mwenyewe yuko hapo. Mwulize yeye, usiniulize mimi." Nyaga akanigeukia. Tangu nitoke kwetu nilikuwa nimeambiwa mahali pa kukaa, mahali pa kusimama na mahali pa kuweka sahani, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ninataka kuwa wapi. Nikakumbuka Muthara, ukungu na ndizi za mama, nikamtazama yule mzee aliyekuwa ameacha kutafuna ili asikie vizuri. "Niko hapa," nikasema. Njue aliporudi jioni alikuta nimeshaamua, na kwa heshima yake, hakubisha. Pikapu ilirudi Embu na gunia la karanga.

Wiki iliyofuata mzee alitoa mbuzi. Kwao ilikuwepo njia ya baba mkwe kulegeza lile katazo akitaka, na wazee wawili wa ukoo wakaja wakala nyama, wakasema maneno yao, wakafuta midomo, na mmoja wao akaniambia, "Sasa wewe ni binti. Mshike mkono." Mkono ule ulikuwa mkavu na mwepesi kuliko nilivyodhani, nami nikaushika kama mwizi. Akasema nimpeleke shambani. Tukashuka polepole, yeye akinikemea kwamba ninaburuta mtu kama mbuzi wa soko, mpaka tukafika katikati ya karanga. Akapiga magoti, akang'oa shina moja, akazihesabu kwa vidole, akazinusa. Nikamsaidia kuinuka. Kule mpakani, juu ya mkau, kunguru mmoja wa kweli alikuwa ametua.

"Kuna kitu?" akauliza, maana alisikia nimenyamaza.

"Kunguru mmoja, Baba. Juu ya mti."

"Anakula?"

"Hapana. Anatuangalia."

"Kichwa?"

"Juu. Juu kabisa."

Mzee akanyoosha mgongo, akageuza uso wake kuelekea kule mtini, akasimama hivyo kwa muda mrefu bila kuuachia mkono wangu.

"Basi hapa," akasema, "bado mimi ni mtu."